Kunasa Kipanya wa Mchanga na Kumwachia Akiwa Hai: Mwongozo Kamili

Kila kiangazi ujumbe ni uleule. Mwanafunzi ametega mitego hamsini kando ya laga, yaani mto wa msimu uliobaki mchanga mtupu, amelala, ameamka, amekuta yote hamsini mitupu. Ananitumia picha na swali: "Kaka, nitie chambo gani?" Mwingine hana hata swali, ana picha tu. Kipanya amelala ubavu ndani ya mtego, mkia umenyooka, na jua liko juu.

Chambo si tatizo. Siagi ya karanga inayonasa panya wa mashambani kule Morogoro hunasa na huku kwetu Taita. Kinachowaangusha watu ni mchanga. Unaingia chini ya kibao, kile anachokanyaga panya ili mlango ujifunge, na mtego unagoma kufyatuka. Unapata moto kabla hujamaliza chai. Ukichimba shimo unaporomoka. Nimeandika hatua hizi nikiufikiria mchanga kwanza, panya baadaye.

Mnyama mwenyewe ni *Gerbillus pusillus*. Hana jina la peke yake katika Kiswahili, wenyeji humwita panya, basi, kwa hiyo hapa nitamwita kipanya wa mchanga. Aliyekomaa hafiki gramu 30. Ana macho makubwa, miguu ya nyuma mirefu, na mkia unaoupita mwili kwa urefu. Jina la kisayansi alipewa mwaka 1878 kutokana na mnyama aliyetoka Taita, kwa hiyo ukimnasa karibu na Voi umemnasa kwao kabisa. Hatua hizi zinamfaa pia binamu yake mkubwa, *Gerbilliscus robustus*, ambaye mara nyingi ndiye atakayeujaza mtego wako.

## Kwanza kibali

Kenya: leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya sayansi), kisha kibali cha WRTI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na ukiingia hifadhini, KWS (shirika la wanyamapori). Tanzania: COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Anza miezi kadhaa mapema. Wiki mbili hazitoshi.

Kwenye nchi ya tembo usitembee alfajiri bila askari wa wanyamapori mwenye silaha. Hilo halina mjadala, hata kama mwenye shamba amekuambia tembo "walipita juzi".

## Vifaa

- Mitego ya Sherman 49, na 3 ya akiba. Ni visanduku vya kunasia mnyama akiwa hai. Ile ya alumini inayokunjika, yenye urefu wa sentimita 23 hivi, inatosha.
- Siagi ya karanga, pumba za mahindi, na karoti au kiazi kitamu.
- Pamba kavu.
- Vipande 49 vya gunia, kila kimoja cha ukubwa wa gazeti lililofunguliwa.
- Utepe wa rangi kali, kamba yenye alama kila mita 10, na GPS.
- Mizani ya springi ya gramu 60 na nyingine ya gramu 100.
- Mifuko 10 ya kitambaa chepesi. Ya nailoni iache: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na hata ingeruhusiwa, mnyama hukosa hewa humo.
- Rula ya chuma inayoanzia sifuri kwenye ncha yake, na mkasi mdogo wenye ncha butu.
- Glavu nyembamba, barakoa, sabuni na dawa ya klorini.
- Daftari na penseli. Wino hutiririka kwa jasho.
- Tochi ya kichwani kwa kila mtu, na fimbo ya mita moja.
- Brashi ya rangi ya inchi 2. Nitaeleza.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kutazama mwezi

Vipanya wa jamii hii huogopa mbalamwezi. Bundi na mbweha huwaona vizuri usiku wa mwezi mpevu, kwa hiyo wao hutoka kwa muda mfupi na hujibana vichakani. Ukitega usiku huo utahesabu mitego mitupu na kudhani eneo halina wanyama.

Panga siku zako tatu ziangukie kwenye giza, mwezi unapoishia au unapoandama. Mimi hukumbuka hivi: kipanya wa mchanga hutoka mwezi ukiwa mchanga. Ukiwa na mzee yeyote anayefuata mwezi kwa ajili ya Ramadhani au uvuvi, muulize yeye. Hana haja ya programu ya simu.

Mvua ikitarajiwa, ahirisha. Mtego wa bati uliolowa hupoa haraka, na mnyama wa gramu ishirini aliyelowa hafiki asubuhi.

## Hatua ya 2: Usome mchanga kabla ya kutega

Wengi huruka hatua hii, halafu hulaumu chambo.

Siku moja kabla, saa 11 jioni, chagua sehemu kumi za mchanga mtupu kati ya vichaka. Fagia kila moja kwa tawi la majani, ukubwa wa mkeka wa mtu mmoja. Mchanga ubaki laini kama unga uliochekechwa.

Rudi asubuhi kabla upepo haujaamka. Inama, jua likiwa chini na kwa ubavu, maana mwanga wa ubavuni ndio unaotoa kivuli ndani ya nyayo. Unachotafuta ni nyayo mbili ndefu za nyuma zikiwa sambamba, na vidoa viwili vidogo vya miguu ya mbele, kisha nafasi tupu, kisha tena. Ni mnyama anayeruka. Mara mojamoja utaona mstari mwembamba wa mkia. Panya wa kawaida hutembea, na nyayo zake hufuatana bila mapengo hayo.

Tafuta na matundu. La kipanya wa mchanga ni dogo, kidole gumba kingeingia kwa kubana. Nasema *kingeingia*. Usikitie. Pima kwa kijiti, kwa sababu kifutu na nge hupanga nyumba zisizo zao.

Kujua kama tundu linakaliwa, simika vijiti viwili vyembamba mlangoni jioni kwa umbo la msalaba. Vikiangushwa kuelekea nje, mwenyewe yumo. Vikiwa vimesimama, andika na uendelee. Matundu mengine huzibwa kwa mchanga kutoka ndani mchana, kwa hiyo tundu usiloliona saa 6 mchana linaweza kuwa wazi saa 2 usiku.

Utajua umefaulu ukipata nyayo za kuruka kwenye sehemu angalau tatu kati ya kumi. Pungufu ya hapo, sogea mita mia mbili ufagie tena. Ni jioni moja tu umepoteza.

## Hatua ya 3: Jaribu kila mtego ukiwa bado nyumbani

Fungua mtego, utege, kisha weka uzito mdogo juu ya kibao cha nyuma. Ukifyatuka, uko sawa.

Uzito gani? Chukua kifuko kidogo cha kitambaa, tia kokoto hadi mizani isome gramu 8, ukishone. Huo ndio uzito wako wa majaribio kwa mitego yote. Watu hujaribu kwa kidole, na kidole ni kizito kuliko unavyofikiri. Mtego unaofyatuka kwa kidole unaweza kumlisha kipanya bure usiku kucha, akaondoka ameshiba na kibao hakijatikisika.

Mtego mzito kufyatuka, sukuma taratibu kile kiulimi kinachoshika mlango, kishike kwa ncha tu. Ukizidisha, mtego utajifyatua kwa upepo. Utapata kipimo baada ya mitego mitano hivi.

Uandike namba kila mtego, juu na ubavuni. Zitakusaidia siku ya mwisho.

## Hatua ya 4: Chambo

Siagi ya karanga na pumba, ukande hadi ushikane kama ugali mgumu na usigande mikononi. Donge la ukubwa wa punje ya hindi lililovimba kwa maji linatosha. Liweke nyuma kabisa, ng'ambo ya kibao.

Likiwa laini mno mafuta huyeyuka na kunasa mchanga. Likiwa kubwa huita sisimizi wa mtaa mzima.

Weka na kipande cha karoti. Hicho hakimvuti mnyama, ni maji yake ya usiku. Na pamba, kiasi cha kujaza kiganja, kwa ajili ya baridi ya alfajiri. Isukume kando ya ukuta wa nyuma, isikae chini ya kibao. Pamba iliyojipenyeza chini ya kibao ndiyo sababu ya pili ya mitego mitupu. Ya kwanza tunaijia sasa.

## Hatua ya 5: Kutega mchangani

Pima mraba wa mistari 7, kila mstari mitego 7, umbali mita 10. Hiyo ni mita 60 kwa 60. Funga utepe kwenye kichaka kilicho karibu na kila nukta, si chini. Utepe uliofungwa chini utafukiwa na upepo.

Nukta ya mita 10 inakuonyesha eneo tu. Ukiwa hapo, una ruhusa ya kusogea hadi mita 2 kutafuta mahali pazuri: chini ya kichaka upande wa magharibi, ili jua la asubuhi lichelewe kuufikia mtego, au kando ya njia ya nyayo ulizosoma asubuhi. Mtego usikae mdomoni mwa tundu. Mnyama aliyekuta bati mlangoni kwake hutumia mlango mwingine.

Sasa kutega kwenyewe. Kila kosa la hapa linalipwa asubuhi.

Sawazisha mchanga kwa kiganja, kisha ugandamize. Tandika nusu ya gunia chini. Gunia ndilo linalozuia mchanga kupanda kupitia maungio ya sakafu. Bila gunia, usiku mmoja wa upepo unatosha kujaza chembe chini ya kibao, na kibao kisichoshuka hakifyatui.

Laza mtego juu ya gunia, mlango ukiupa upepo mgongo. Rusha mchanga kidogo hewani uone unakoelekea. Pwani na Tsavo upepo wa usiku si lazima uwe wa mchana, kwa hiyo uliza wenyeji.

Gandamiza mtego ushuke kidogo, hadi sakafu ya mlango ilingane na mchanga wa nje. Mnyama huyu hataki kupanda ngazi. Nimeona nyayo zake zikifika kwenye ukingo wa mtego ulioinuka sentimita mbili, zikasimama, zikazunguka, zikaenda zake. Mtego wa jirani uliokuwa umelingana na mchanga ulimnasa usiku huohuo.

Funika juu na ubavuni kwa nusu ya pili ya gunia na nyasi kavu. Mlango ubaki wazi, na gunia lisiuguse, maana mlango utakwama.

Mwisho, brashi. Futa sakafu ya ndani na lile pengo la mbele ya kibao, halafu weka kifuko chako cha gramu 8 ndani, mara moja. Ukifyatuka, utege tena na uende. Ukigoma, inua wote, upige kwa kiganja utoe mchanga, uanze upya. Ndiyo, mitego yote 49. Watu wawili waliozoea humaliza kwa saa moja na nusu. Wanafunzi wa mara ya kwanza huchukua tatu, kwa hiyo anzeni saa 9 alasiri, mlaze mitego ikiwa imefungwa, halafu saa 11 na nusu mpite haraka kuifungua.

Onyo: siafu. Ukiona msafara wao ndani ya mraba, acha mitego ya upande huo ikiwa imefungwa, na uandike daftarini kwamba haikufunguliwa. Mnyama ndani ya bati hana pa kukimbilia, na siafu hawasubiri afe. Wapo wanaonyunyiza dawa ya wadudu kuzunguka mtego. Mimi sikubali. Mnyama huyu hujilamba mwili mzima.

## Kama huna mitego ya Sherman

Ndoo za lita 20 hufanya kazi, na kwa wanyama wepesi sana wasioangusha kibao ni bora zaidi. Mstari wa kawaida ni ndoo 11 kwa umbali wa mita 5, na karatasi nzito ya plastiki yenye kimo cha nusu mita imesimama juu ya mstari wote kama ua. Mnyama hukutana na ua, huufuata, huanguka.

Mchanga mkavu hautakubali shimo. Mwaga lita kumi za maji kwenye nukta, subiri robo saa, ndipo uchimbe. Kuta zitasimama muda wa kutosha kuingiza ndoo. Ukingo wa ndoo ukae chini kidogo ya uso wa mchanga, kamwe usiwe juu.

Toboa ndoo chini matundu madogo ya kutolea maji. Weka ndani mchanga wa vidole viwili na kipande cha gunia cha kujificha. Binamu mkubwa wa kipanya huyu anaweza kuruka akatoka, kwa hiyo usilinganishe takwimu za ndoo na za Sherman kana kwamba ni kitu kimoja. Mchana, kila ndoo ifunikwe kwa kifuniko chake na jiwe juu. Mjusi na kobe wachanga huanguka humo.

## Hatua ya 6: Alfajiri

Mwaka wangu wa kwanza gari letu lilizama kwenye mchanga wa laga saa 11 alfajiri. Tulichimba, tukasukuma, tukaweka matawi chini ya magurudumu. Tulifika kwenye mitego saa 3 asubuhi. Vipanya wanne walikuwa wamenaswa, na wote wanne walikuwa wamekufa. Nilipoushika mtego wa kwanza nilirudisha mkono kwa jinsi bati lilivyokuwa la moto.

Tangu hapo nina sheria mbili. Kambi iko upande uleule wa laga ulipo mraba, umbali wa kutembea kwa miguu. Na tunatoka saa 11 na nusu, giza bado lipo.

Pita mstari kwa mstari. Usiinue mtego kwa mkono moja kwa moja. Ondoa gunia kwa fimbo kwanza, gonga, subiri, ndipo uinue. Nge hupenda ubaridi wa chini ya gunia, na nyoka mwembamba anaweza kuwa ndani akimmeng'enya mgeni wako.

Mlango uliofungwa, usukume kwa kidole nafasi ya wembe, uchungulie kwa tochi. Usifungue wazi kuona. Kipanya huyu huruka kabla hujasema "yupo".

Mtego wenye mnyama uandikwe namba, uchukuliwe ulivyo, uwekwe kivulini. Mtego mtupu ufungwe hapohapo. Mitego yote 49 iwe imefungwa kabla jua halijauchomoza uso wake wote, na hapo ndipo mtaanza kupima wanyama. Wengi hupima kwanza, huku mitego ya mwisho ikiendelea kuoka.

Ukikuta kirukanjia au sange, mwachie palepale. Kirukanjia hawezi kukaa na njaa muda mrefu. Nukuu, mwachie, songa.

Utajua umefaulu jua linapotoka ukiwa umesimama mwisho wa mstari wa saba, hakuna mlango ulio wazi nyuma yako.

## Hatua ya 7: Kumshika

Glavu, halafu barakoa. Mkojo wa panya hubeba leptospira, bakteria wa ugonjwa, na viroboto wao wana historia mbaya: Lushoto, Tanzania, ilisumbuliwa na tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980. Usipulize ndani ya mtego kuondoa mchanga, tumia brashi. Kaa ukiupa upepo mgongo.

Pima mfuko mtupu kwanza, uandike. Geuza mdomo wa mfuko juu ya mlango wa mtego, ushike pande zote, ufungue mlango, uinamishe. Atateleza. Asipotoka, tikisa taratibu. Akijishikilia kwenye pamba, atoke na pamba yake. Zungusha mdomo wa mfuko, uning'inize kwenye mizani, utoe uzito wa mfuko.

Sasa sikiliza vizuri: usimshike mkia. Ngozi ya mkia wa jamii hii huvuka kama soksi. Utabaki na ngozi mkononi, naye atabaki na mfupa mtupu unaokauka na kukatika, na hauoti tena. Kama eneo lako lina mawe unaweza kunasa panya miiba, *Acomys*, ambaye ngozi ya mgongo huchanika kwa kuguswa tu. Huyo ana bahati. Utafiti uliochapishwa 2012 juu ya panya miiba wa Kenya ulionyesha kwamba ngozi hiyo huota upya, pamoja na vinyweleo vyake. Kipanya wa mchanga hana zawadi hiyo.

Mshike hivi: mfuko ukiwa mezani au pajani, tafuta kichwa kupitia kitambaa kwa kidole gumba na cha shahada, ubane ngozi ya nyuma ya shingo, karibu na masikio. Ukibana mbali na masikio atageuka akuume. Kunja mfuko kurudi nyuma hadi mwili utokeze. Vidole vingine viushike mgongo, visikandamize kifua. Kifua kikibanwa hapumui, na utaona macho yakitoka zaidi ya kawaida. Legeza mara moja.

Pima kwa mpangilio huu: mguu wa nyuma kutoka kisiginoni hadi kidole kirefu bila kucha, sikio, mkia. Jinsia utaijua kwa umbali kati ya tundu la haja kubwa na kiungo cha uzazi, kwa dume ni mrefu zaidi. Andika kama korodani zimeshuka, kama chuchu zinaonekana.

Alama: kata manyoya ya nje kwenye paja, ukubwa wa ukucha wako mdogo, hadi rangi ya chini ionekane. Siku ya kwanza paja la kushoto, ya pili la kulia, ya tatu mgongoni. Kwa kazi ya siku tatu inatosha kabisa, na haimwachii jeraha.

Dakika tatu, si zaidi. Kama bado huna vipimo vyote, mwachie na uache nafasi tupu kwenye daftari. Nafasi tupu ni takwimu halali.

## Hatua ya 8: Ni yeye kweli?

Angalia meno mawili ya mbele juu. Ya jamii hii yana mfereji mmoja kwa kila jino, kutoka juu hadi chini. Panya wa nyumbani hana. Kisha wayo wa mguu wa nyuma: wa kipanya huyu ni mtupu, hauna manyoya. Mkia una kishungi cha vinyweleo kuelekea nchani.

Piga picha tatu: ubavu, wayo, na uso ukionyesha meno. Rula ionekane kwenye picha ya wayo. Jamii ya *Gerbillus* ina aina zinazofanana kiasi kwamba wataalamu wenyewe hutegemea fuvu na vinasaba, kwa hiyo kama huna uhakika andika "*Gerbillus* sp.", yaani aina haijajulikana, bila aibu.

## Hatua ya 9: Kumwachia

Palepale ulipomnasa, si kambini, wala "mahali pazuri zaidi". Matundu yake na akiba yake viko hapo.

Weka mfuko chini mdomo ukielekea kichakani, uufungue, urudi nyuma hatua tatu, utulie. Wengine hutoka kama risasi. Wengine hukaa mlangoni sekunde thelathini, masharubu yakitetemeka, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Usimharakishe. Fuata kwa macho anakoingia na uweke alama ya GPS kwenye tundu hilo. Ni data ya bure ambayo wengi huiacha.

Tazama juu kabla ya kufungua. Kipanga hujifunza ratiba yako kuliko msimamizi wako. Siku ya tatu utamkuta kwenye mti uleule akisubiri.

## Hatua ya 10: Hesabu

Mitego 49 kwa siku tatu ni mitego-usiku 147, yaani kila mtego kwa kila usiku. Ukiwa na wanyama 9, gawanya 9 kwa 147, zidisha kwa 100: asilimia 6.1.

Lakini mtego uliofyatuka haukuwa kazini usiku mzima, uwe na mnyama au uwe mtupu. Desturi ni kutoa nusu ya usiku kwa kila mmoja. Tuseme 9 ilikuwa na wanyama na 12 ilifyatuka mitupu, jumla 21. Nusu yake ni 10.5. Kwa hiyo 147 toa 10.5 ni 136.5, na 9 kwa 136.5 ni asilimia 6.6. Andika njia uliyotumia, la sivyo anayekufuata hawezi kujilinganisha nawe.

Aliyenaswa mara ya pili usimhesabu kama mnyama mpya. Ndiyo maana ya zile alama pajani. Na usikate tamaa siku ya kwanza ikiwa kavu. Bati geni huogopwa, na kwangu asubuhi ya tatu mara nyingi ndiyo yenye wengi.

## Hatua ya 11: Kung'oa kambi

Osha mitego kwa sabuni na brashi, kisha klorini sehemu 1 kwa maji sehemu 9, dakika 10, usuuze vizuri kwa sababu klorini hula alumini. Anika juani iliyofunguliwa. Usilale nayo hemani kabla haijaoshwa. Fukia mashimo ya ndoo, fungua tepe zote.

Halafu panga mitego kwa namba, 1 hadi 49, chini, kwa safu, mtu mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akitia alama daftarini. Upepo wa mchangani hufukia mtego kwa usiku mmoja, na mtego uliosahaulika wazi chini ya kichaka hunasa bila mtu wa kuuangalia. Mara ya mwisho tulikwama kwenye 48, ya 31 haikuwepo. Tulirudi kwenye utepe wake, tukapiga magoti, tukapapasa mchanga kwa viganja mita mbili kila upande, hadi askari wetu alipougusa bati kwa ncha ya kiatu.

Ulikuwa umefyatuka, mtupu, umejaa mchanga hadi kwenye kibao.